Niombe Brashi, Usiniombe Namba ya Balozi

Wiki hii wamenifikia vijana watatu wanaochora, wote wanataka koneksheni. Wa mwisho kaandika wasapu saa nne usiku: "Shikamoo kaka, mimi mchoraji, naomba uniunganishe na mtu wa ubalozini." Nikamuuliza anachora na nani. Kajibu kwa fahari kwamba anachora peke yake chumbani, Mbagala, na kazi zake hawaonyeshi wachoraji wenzake "wasije wakaiba staili."

Mdogo wangu, staili gani? Pundamilia wanne chini ya mbuyu, jua linazama. Hiyo imeshaibwa zamani, na aliyeiba mwanzo naye aliiba.

Nachora hapa Dar, huu mwaka wa 19. Picha nilizouza kwa kukutana na bosi kwenye ufunguzi wa maonyesho hazimalizi vidole vya mkono mmoja. Nyingine zote zimepitia kwa mchoraji mwenzangu: huyu oda imemzidi, yule anaumwa, yule kaulizwa picha ya mashua wakati yeye anachora sura za watu tu. Mteja hajui wachoraji mia. Anamjua mmoja, na ndiye anayemwambia "hebu nitafutie mwingine." Kama huyo mmoja hajawahi kuona kazi yako, atakutajaje?

Kinachonikera zaidi ni hilo neno koneksheni. Mtu akilisema anaangalia juu, kama anayesubiri embe lidondoke. Haya, umempata balozi. Atanunua picha moja, baada ya miaka michache atahamishwa, ataondoka nayo. Mchoraji wa meza ya jirani mtazeeka pamoja. Yeye ndiye atakayekuazima rangi nyeupe usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi kazi. Pale Nafasi Art Space, kituo cha sanaa Mikocheni, nawaona hao wa koneksheni kila maonyesho: wanaingia wakati wa vinywaji, wanazunguka kutafuta Mzungu, wanatoweka kabla viti havijakunjwa. Picha ukutani hawajaziangalia. Sisi tunaokunja viti tunawakumbuka vizuri sana.

Na hasara yake naijua kwa mfuko wangu. Mwaka wangu wa 3 nilipeleka picha 6 kwenye duka moja la sanaa, mali kauli, bila hata karatasi. Miezi minane nazungushwa, mara mhasibu kasafiri, mara njoo Ijumaa. Nilirudishiwa mbili, moja imeota ukungu mgongoni kwa kuegemezwa ukuta wa choo. Nilipowasimulia wenzangu, walicheka mpaka wakakaa chini. Wanne walishalizwa na duka hilohilo! Nani angeniambia, wakati nilikuwa nawapita bila salamu, nawaona washindani?

Hao hao baadaye ndio walionionyesha kupaka kitambaa cha amerikani rangi ya maji ya ukutani mara mbili na kupiga msasa katikati, na kutotaja bei kabla sijajua picha inaenda ukuta gani.

Wanaosema msanii wa kweli hujitenga wanamsahau Edward Saidi Tingatinga. Mtu wa Tunduru huyu, alianza kuchora hapa Dar mwaka 1968, na mwaka 1972 polisi wakampiga risasi kimakosa, akafa. Miaka 4 tu ya kazi. Angekuwa anajifungia chumbani, jina lingezikwa naye. Lakini alikuwa amewakalisha kando yake vijana wachache, baadhi yao ndugu zake, na hao wakafundisha wengine. Mwaka 1990 kikaundwa chama cha ushirika cha wachoraji wa Tingatinga. Nenda leo Morogoro Stores, Oysterbay: mmoja anapaka usuli, mwingine anajaza nukta, wa tatu anabishana bei na mtalii.

Wenye kiu ya Ulaya nao wawatazame Wajukuu, kundi la wasanii wa mtaa wa Mukuru, Nairobi. Mwaka 2022 walikuwa documenta, maonyesho makubwa ya sanaa ya Kassel, Ujerumani, na wakapata tuzo ya Arnold Bode. Walikwenda kama kundi, na waliosimamia maonyesho yale nao ni kundi, ruangrupa la Indonesia.

Sasa niseme lisilopendeza. Kuiga kupo. Nimeshamkuta simba wangu kwenye kibanda cha barabarani, na kosa langu la mguu wa nyuma likiwa palepale. Nilinuna mwezi mzima. Majungu ndiyo usiseme. Na tukikaa pamoja sana tunafanana; bluu ya jirani yangu ilinichukua miaka 2 kuitoa mkononi. Je, kuwa na wenzako kunakufanya mchoraji bora, au kunakuzuia tu kufa njaa? Hilo linanisumbua. Kuna siku naamini nilichora vizuri zaidi enzi za upweke. Nazivuta zile picha uvunguni, nazipanguza vumbi, nacheka. Halafu moja inanikodolea macho, sicheki tena.

Yule kijana nilimwambia aje Jumamosi karakanani na picha moja, aje na brashi zake pia. Akauliza, "Nani atakuwepo?" Nikamwandikia: wachoraji.

Tiki mbili za bluu, tangu Jumanne.