Bweni la mawe na chokaa: yasemwayo na yaliyo kweli

"Simiti ina nguvu kuliko chokaa, basi ndiyo ya kurekebishia." Kwenye kuta za zamani za Mombasa, hili ndilo kosa baya kuliko yote. Ukuta wa bweni la mawe ya matumbawe huwa mnene, mara nyingi sentimita 45 hadi 60, na chini hauna kizuizi cha unyevu. Maji hupanda kutoka ardhini na upepo wa bahari huleta chumvi. Plasta ya chokaa huacha maji hayo yatoke kama mvuke, ya simiti huyafungia ndani. Chumvi hurundikana nyuma yake, hukauka ikawa chembe ngumu, kisha husukuma. Gonga kwa kifundo cha kidole: ukisikia mlio wa mtungi mtupu, plasta imeshaachana na jiwe. Ikianguka huondoka na uso wa jiwe, maana jiwe lenyewe ni laini kuliko simiti.

Dawa yake ina taratibu. Bandua simiti kwa patasi na nyundo ndogo, si kwa mashine ya kutetemesha ukuta. Acha ukuta ukauke wiki kadhaa, huku ukisugua ule unga mweupe wa chumvi kwa brashi kavu. Kisha changanya chokaa iliyolowekwa, sehemu 1, na mchanga safi, sehemu 3. Mchanga wa ufuoni usiuguse, una chumvi. Lowesha ukuta, paka tabaka lisilozidi milimita 10, funika kwa magunia mabichi lisikaushwe na jua, ngoja kama wiki moja ndipo upake la pili. Umalizie kwa chokaa. Rangi ya plastiki itakurudisha ulikotoka.

Na anayesema chokaa ni dhaifu, aende akaitazame Fort Jesus: ilijengwa kati ya 1593 na 1596, kwa matumbawe na chokaa.

"Ukuta ukilowa, paa linavuja." Huenda, lakini soma alama kwanza. Doa lililonyooka kama mstari, chini ya mita moja hivi kutoka sakafuni, ni maji ya ardhini. Doa la mviringo chini ya bafu la ghorofani ni bomba, na bwenini, ambako watoto thelathini huoga alfajiri moja, bomba ndilo la kushukiwa mwanzo.

"Vyumba vya kale vilibanwa ili kuokoa kiwanja." Kipimo kilitoka mikokoni, kwenye boriti za mkoko zinazobeba dari. Boriti nzuri haivuki mbali: nafasi kati ya kuta ikipita mita 3, boriti huanza kulegea. Ukiona ukumbi mpana wa vitanda, tafuta mihimili ya chuma au mbao za kupasua. Hapo uangalie kutu, kwani chuma kikipata kutu huvimba na kupasua jiwe kilimolala.

Watu husema pia kwamba boriti haziozi. Mchwa kweli hawazipendi sana, lakini kichwa cha boriti kilichozikwa katika ukuta mbichi huoza kimyakimya, na katikati yake ikaonekana nzima. Kichome kwa bisibisi pale inapoingia ukutani. Ikizama kirahisi, weka nguzo ya muda chini yake kabla hujagusa kitu kingine, na vitanda vya juu yake viondolewe siku hiyo hiyo.