Must not siyo "si lazima": vitenzi modali vya Kiingereza vinavyofanya kazi

Safari ya Mlima Kilimanjaro ikifika mwisho, pale geti la Mweka, wageni hutoa tipu. Kijana mmoja anayejifunza Kiingereza kwangu jioni hapa Moshi alikuwa mwongozaji msaidizi katika safari kama hiyo. Usiku wa mwisho kambini mgeni alimwuliza: Do we have to tip the cook as well? Kijana alijua jibu. Si lazima, ni hiari yenu, ingawa mpishi atashukuru sana. Akafungua mdomo akasema: No, you must not.

Kesho yake bahasha zikatoka, za wapagazi na za waongozaji, na ya mpishi haikuwemo. Mtu mzima, ameamka kabla ya wote siku sita mfululizo kuchemsha maji ya chai kwenye baridi, anashuka mikono mitupu. Wale wageni hawakuwa wachoyo. Waliambiwa kumpa mpishi ni marufuku, nao wakatii.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu wengi wetu tulifundishwa vitenzi modali kama orodha ya kukariri: can, could, may, might, must, shall, should, will, would. Tisa hivi, na maana moja ya Kiswahili mbele ya kila kimoja. Can ni weza, must ni lazima, will ni -ta-. Orodha hiyo ndiyo iliyomnyima mpishi bahasha yake.

Kitenzi modali ni aina ya kitenzi kisaidizi, zile TS tulizokuwa tukiandika chini ya sentensi shuleni, lakini kina kazi yake ya pekee. Kitenzi cha kawaida kinataja tendo: kulipa, kupanda, kunywa. Modali haitaji tendo lolote. Inaonyesha msemaji amesimama wapi kuhusu tendo hilo: anashurutisha, anaruhusu, anashauri, anakisia, anaahidi, au anawaza jambo ambalo halikutokea. Kiswahili nacho kina misimamo yote hii, ila kimeitawanya. Mingine imo ndani ya kitenzi, kama -nge- na ile -e ya mwisho katika "aende". Mingine ni maneno yanayojitegemea: lazima, sharti, huenda, labda, yafaa, hana budi. Ndiyo maana kutafsiri neno kwa neno hakufiki mbali. Tafuta kwanza msimamo, neno la Kiingereza litafuata.

Turudi kwa must. Kijana yule alipiga hesabu inayoonekana sahihi: must ni lazima, not ni si, basi must not ni si lazima. Kosa liko kwenye mahali pa kukanusha. Kiswahili kinaweza kukanusha sehemu mbili. Nikisema "si lazima ulipe", nimekanusha ulazima; ukitaka lipa, usipotaka acha. Nikisema "lazima usilipe", nimeacha ulazima palepale na kukanusha kulipa. Ukilipa umevunja amri. Kwa must, ile not daima huangukia kwenye tendo. You must not pay ni lazima usilipe, yaani ni marufuku kulipa. Kwa "si lazima" Kiingereza kina njia nyingine: You don't have to pay, au You needn't pay. Hapa hapana njia ya katikati, na sijui kosa jingine la modali linaloleta hasara ya haraka kuliko hili. Mwambie mgeni you must not drink all four litres, wewe ukikusudia kwamba asijilazimishe kumaliza lita nne, naye anaweza kuacha chupa imejaa huku mlima unamkausha.

Darasani swali hufuata palepale. "Mwalimu, kwani must na have to si kitu kimoja?" Katika kukubali, yaani bila not, karibu ni kitu kimoja. Tofauti ndogo ni kwamba must mara nyingi hubeba shinikizo la msemaji mwenyewe, na have to huleta sheria iliyotoka nje. We have to register at the gate: hiyo ni taratibu ya hifadhi, si mimi niliyeitunga. You must try our mbege, ile pombe yetu ya ndizi: hapo hakuna sheria, ni ukarimu wa mwenyeji anayemsukuma mgeni kwa upendo.

Halafu kuna wakati uliopita. "Ilibidi turudi" kwa Kiingereza ni We had to go back. Wengi huandika We must have gone back, na hiyo ina maana tofauti kabisa: lazima tutakuwa tulirudi, kana kwamba msemaji hakumbuki na anakisia kwa kuangalia dalili. Katika kukisia, lugha zetu mbili zinaelewana vizuri. Lazima atakuwa amechoka: he must be tired. Ukikanusha kisio hilo, Waingereza huacha must na kushika can't, kama sisi tunavyosema hawezi kuwa. They can't be at Barafu already, they left Barranco an hour ago. Hawawezi kuwa wamefika kambi ya Barafu, wameondoka kambi ya Barranco saa moja tu iliyopita. Hapo fuata Kiswahili chako bila hofu.

Hofu iwe kwenye can, maana "kuweza" kwetu ni gunia kubwa. "Unaweza kutapika." Sentensi hiyo husemwa karibu kila jioni ya kuelekea kileleni, mwongozaji akimwandaa mgeni kwa ajili ya mita 5,895. Akiitafsiri You can vomit, mgeni anasikia ruhusa: tapika tu, hakuna shida. Alichotaka kusema ni onyo, na onyo hilo ni You might vomit.

Wanafunzi wangu nawapa jaribio moja, nalo linatoka kwenye Kiswahili chenyewe. Ondoa "unaweza", uweke "huenda". Kama maana imebaki palepale, huenda ukatapika, huenda mvua ikanyesha leo, basi tumia may au might. Kama neno linaloingia vizuri ni "unajua" au "una nguvu za", tumia can. Kama linaloingia ni "ruksa", tumia can, au may ukitaka urasmi zaidi. Mvua inaweza kunyesha leo? Huenda ikanyesha. Basi It might rain today, wala si It can rain today. Can inarudi kwa haki yake pale unapoeleza tabia ya mahali bila kutaja siku maalumu. It can snow at Barafu ni sahihi kabisa, maana kambi ile iko juu ya mita 4,600 na theluji huko ni jambo linalotokea. Lakini theluji ya usiku wa leo ni may au might.

Jihadhari pia na may not. Kwenye kanuni, Visitors may not leave the vehicle ni kwamba hawaruhusiwi kushuka garini. Kwenye mazungumzo, The elephants may not come ni kwamba huenda tembo wasije. Kinachotofautisha ni muktadha tu, kwa hiyo kwenye usalama wa watu afadhali useme wazi: Please stay in the vehicle.

Lile jibu la "unajua" kuingia mahali pa can lina asili yake. Katika Kiingereza cha kale, can ilikuwa na maana ya kujua. Sisi bado tunasema "anajua kuogelea" na "unajua kuendesha?" tukimaanisha uwezo, na wao leo wanasema She can swim, Can you drive? Historia hiyohiyo inaeleza kwa nini hakuna he cans. Vitenzi vingi vya kundi hili, zamani sana, vilikuwa na umbo la wakati uliopita lililogeuka kutumika kwa wakati uliopo, na umbo la wakati uliopita halikuwa na ile s ya he goes. Kwa hiyo he can go, she must pay. Kinachofuata modali ni kitenzi kitupu, bila to, bila s, bila ing. Kwenye kuuliza hatuleti do. Na modali mbili hazikai pamoja. "Nitaweza" si I will can, ni I will be able to. Sheria hizi ni chache na mtu huzizoea ndani ya wiki mbili.

Kitu kinachowakwaza hata waliosoma sana ni "niliweza". Mtu ametoka kileleni, ana furaha, anaandika: Yesterday I could reach Uhuru Peak. Mwingereza anasubiri sentensi iendelee, maana could hapo inasikika kama uwezo uliokuwepo tu, au wazo la jambo ambalo lingewezekana. Kwa jambo moja ulilojitahidi ukalifanikisha, sema I was able to reach Uhuru Peak, au I managed to reach it. Ukikosa, couldn't inatosha: I couldn't reach it. Na ukieleza uwezo wa kudumu wa zamani, could inafaa: My grandfather could carry two bags at once.

Kuhusu will, furahini kidogo, kwa sababu tuna undugu nayo. Will ilianza ikiwa na maana ya kutaka, na -ta- yetu ya wakati ujao imetokana na "taka". Lugha mbili zisizo na ukoo zimepita njia moja: ninachotaka kufanya kesho ndicho nitakachofanya. Shall nayo ilianza na maana ya kudaiwa, kuwa na deni, na harufu ya deni haijaisha, hasa kwenye sheria. Mfano uko jirani, Arusha. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki uliotiwa saini pale tarehe 30 Novemba 1999 unasema katika Ibara ya 137: Kiswahili shall be developed as a lingua franca of the Community. Huo si utabiri kwamba Kiswahili kitakua kama mti unavyokua. Ni wajibu uliowekwa juu ya nchi wanachama, wakiendeleze. Kiswahili cha sheria hutumia -ta- kwa namna hiyohiyo. Ibara ya 62 ya Katiba yetu inaanza "Kutakuwa na Bunge", na hakuna anayeisoma akidhani Bunge litakuja siku moja huko mbele.

Sasa -nge-, ambako naona jasho jingi zaidi. Kiswahili sanifu kina -nge- kwa jambo ambalo bado lingewezekana na -ngali- kwa jambo lililokwisha pita, lakini mtaani -nge- inabeba yote mawili. "Angekunywa maji jana, asingeumwa kichwa." Tena tunaiweka pande zote mbili za sentensi, kwenye sharti na kwenye matokeo. Mwanafunzi akiihamisha ilivyo, anaandika: If he would drink water yesterday, he would not have a headache.

Kiingereza huweka would upande mmoja tu, upande wa matokeo. Upande wa if huchukua umbo la wakati uliopita, hata kama habari ni ya leo. If he drank more water, he would feel better: angekunywa maji zaidi, angejisikia nafuu, na bado nafasi ipo. Kama nafasi imepita, kila upande unarudi nyuma hatua moja: If he had drunk water yesterday, he would not have had a headache. Kabla hujaandika, jiulize kama mlango bado uko wazi. Ukiwa wazi, drank na would feel. Ukiwa umefungwa, had drunk na would have.

Mahali ambapo would husikika baada ya if bila kosa ni kwenye adabu: If you would wait here, please. Na adabu ndiyo sehemu ninayotamani tungeipa muda mwingi zaidi darasani. Sisi tunasema "naomba pasipoti yako", na ni heshima kamili. Ukisema I am begging your passport, heshima imepotea. Ukisema I want your passport, umekuwa polisi. Sema Could I have your passport, please? Could hapo haihusu jana. Umbo la wakati uliopita linarudisha ombi nyuma kidogo ili mwenzako apate nafasi ya kukataa. Jambo hilo tunalijua tayari, maana ndilo tunalofanya tunaposema "nilikuwa naomba unisogezee begi", hali tunaomba sasa hivi.

Ratiba ya usiku wa kileleni nayo ina mtego wake. "Mtaamka saa tano usiku, mtakunywa chai, mtavaa nguo zote za joto." Kwa Kiswahili hiyo ni sauti ya mwenyeji anayejali. You will wake up at eleven, you will drink tea, you will put on all your warm clothes inasikika kama amri za kambi ya jeshi. Sogeza will upande wako, kama ahadi, na uwaachie wao should, ambayo ni "inafaa" yetu: We'll wake you at eleven. You should drink some tea and put on all your warm clothes before we start.