Afisa Asiyebeba Kufuli

Ukiingia Kamukunji, soko la mafundi wa jua kali jijini Nairobi, umevaa koti na kushika faili, nyundo hunyamaza. Si kwa heshima. Fundi aliyekuwa akikunja mabati huinua macho, jirani yake husukuma masanduku mawili nyuma ya pipa, na mtu huuliza kwa sauti ya chini, "Huyu ni wa kanjo?", yaani askari wa kaunti. Kazi ya afisa wa maendeleo ya biashara huanzia hapo. Kwa miaka ambayo nimewanoa maafisa wapya jijini Nairobi, sijaona kitabu kinachomwandaa mtu kwa dakika hiyo.

Wananchi wengi hawajui kwamba afisa huyu yupo. Wanamjua askari wa kaunti, mtu wa leseni na mtu wa ushuru. Hawa huja kudai, na wakati mwingine huja na mnyororo na kufuli. Yule anayekuja kuuliza biashara inaendaje humchanganya mtu. Kosa si lao. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 lilizikabidhi kaunti ukuzaji wa biashara pamoja na usimamizi wake, yakiwemo masoko na leseni. Kwa hiyo serikali inayomtoza mama mboga ada ya soko ndiyo hiyo hiyo inayotakiwa kumsaidia auze zaidi. Upande wa serikali ya kitaifa kuna Kenya Industrial Estates, ambayo tangu 1967 imekuwa ikikopesha viwanda vidogo na kuvikodishia mabanda, na kuna MSEA, mamlaka ya biashara ndogo sana na ndogo, iliyotokana na sheria ya mwaka 2012.

Sheria hiyo ndiyo afisa huanza kuisoma, na ndiyo humtatiza mapema. Ilivyopitishwa mwaka huo, ilisema biashara ndogo sana ni ile yenye mauzo yasiyozidi shilingi 500,000 kwa mwaka na wafanyakazi chini ya 10. Biashara ndogo ni kuanzia hapo hadi milioni 5, na wafanyakazi 10 hadi 50. Sasa chukua mama anayeuza sukuma na nyanya za shilingi 2,000 kwa siku, siku 300 kwa mwaka. Huyo amefika 600,000. Kwa mauzo amevuka mstari, na mfanyakazi hana hata mmoja ila binti yake anayemshikia kibanda akienda soko la jumla la Marikiti alfajiri. Ni wa kundi gani? Afisa anayesubiri karatasi imjibu atakaa ofisini hadi astaafu.

Kutoaminiana huku hakukuanza jana. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu ajira nchini Kenya. Ilisema jambo ambalo wengi serikalini hawakutarajia kulisikia: watu wa biashara zisizosajiliwa walikuwa wakizalisha mali na kujiajiri, na serikali ilikuwa ikiwasumbua kwa kuwabomolea na kwa masharti ya leseni. Ilichukua zaidi ya miaka kumi kabla ya Rais Moi kufika Kamukunji, katikati ya miaka ya 1980, na mabanda kuanza kujengwa ili mafundi watoke juani. Jina la jua kali lilibaki hata kwa waliopata kivuli. Na utafiti wa Shirika la Taifa la Takwimu wa mwaka 2016 ulihesabu biashara ndogo na za kadri takriban milioni 7.4, ambapo zilizokuwa na leseni ni kama milioni 1.56 tu. Hao wengine ndio wanaosukuma masanduku nyuma ya pipa.

Nikiri kosa langu. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliitisha mafunzo ya ujasiriamali saa nne asubuhi, karibu na soko. Nilikuwa na mashine ya kuonyesha picha ukutani na maneno mengi ya Kiingereza. Walikuja watu 30. Kufikia saa tano walibaki wanne, na wawili kati yao walikuwa wakisubiri chai. Saa nne ni saa ya wateja! Siku hizi mafunzo yangu ni saa nane hadi saa tisa unusu mchana, kibandani, na ubao wangu ni kipande cha boksi.

Juu ya boksi hilo huwa naandika hesabu moja. Tuseme fundi anatengeneza sanduku la mwanafunzi. Mabati 900, bawaba na komeo 150, rangi 120: jumla 1,170. Analiuza 1,500 na kusema amepata 330. Namuuliza, kijana anayekupigia misumari unamlipa ngapi? Mia moja kwa sanduku. Mkokoteni? Arobaini. Kodi ya kibanda ukiigawanya kwa masanduku ya mwezi? Anafikiri, anasema themanini. Faida imeshuka hadi 110, na bado hatujahesabu nusu siku ya mikono yake mwenyewe. Kisha tunaongea kuhusu kalenda: sanduku hununuliwa Januari shule zikifunguliwa, lakini tumbo halingoji Januari. Hapo ndipo fundi huamua mwenyewe kama Machi atengeneze majiko au makarai. Afisa hamwamulii.

Watu hudhani kazi hii ni kugawa mikopo. Zamani ilikaribia kuwa hivyo, kwa sababu fomu na mapendekezo vilipitia mezani kwa afisa. Lakini tangu Hazina ya Hasla ianze Novemba 2022, mtu hukopa kwa simu, kuanzia shilingi 500, kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, bila kumwona afisa yeyote. Mimi naona hilo ni jema, kwani limepunguza milango ya kuombewa chai. Ila simu haimuulizi fundi sanduku lake linamgharimu ngapi. Vivyo hivyo zabuni: asilimia 30 ya manunuzi ya serikali imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na cheti cha kuomba zabuni hizo hupatikana. Kazi ya afisa ni kumwambia mwenye cheti ukweli usiopendeza, kwamba malipo ya serikali huweza kuchelewa miezi mingi, na asiuze pikipiki yake ili atimize agizo ambalo hajui litalipwa lini.

Anayetaka kuifanya kazi hii huhitaji shahada au stashahada ya biashara, uchumi au fani iliyo karibu. Nafasi za kaunti hutangazwa na bodi ya utumishi wa umma ya kaunti. Za wizarani hupitia Tume ya Utumishi wa Umma, na mamlaka kama MSEA hutangaza zake zenyewe. Kupanda cheo huja polepole. Kinachowachosha wengi ni ripoti ya robo mwaka inayouliza umefundisha watu wangapi. Haiulizi ni wangapi bado wako kibandani. Mimi huwaagiza maafisa wangu wawe na daftari la pili, lisilodaiwa na mtu, na wapite tena baada ya miezi sita.

Nawe mwenye biashara, huna haja ya kungoja afisa apite. Nenda ofisi ya biashara ya kaunti au ya MSEA na madaftari yako hata kama yamechafuka mafuta, taarifa za M-Pesa za miezi mitatu, na bei ya kitu kimoja unachouza sana. Leseni ikiwa imeisha, sema. Huduma hii hailipiwi, na ukidaiwa pesa ili usaidiwe, huyo ni wa kuripotiwa.

Juzi, Jumamosi, fundi mmoja alinipigia nikiwa kwa kinyozi. "Afisa, mabati yamepanda. Naandika bei mpya juu ya ile ya zamani ama nafungua ukurasa?" Nikamwambia afungue ukurasa, asifute ya zamani.