Asiyesoma Kiswahili, Kiingereza atakishikia wapi?

Wazazi wengi wa Lubumbashi wanaofika kituoni kwetu huulizia Kiingereza kwanza. Siwalaumu. Ukivuka mpaka wa Kasumbalesa uko Zambia, na huko ofisini ni Kiingereza. Nchi yetu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, imo SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, tangu 1997, na mwaka 2022 ikaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Dereva wa lori la shaba, wakala wa forodha, mama anayevusha unga: wote wanahitaji Kiingereza.

Mimi huwauliza: mtoto anasoma? Kutaja herufi hakutoshi, wala kukariri ukurasa uliorudiwa darasani kila siku. Mpe karatasi asiyowahi kuiona, aisome, kisha akueleze imesema nini. Hapo wengi hunyamaza.

Kusoma huanza vizuri katika lugha ambayo mtoto anaielewa. Kiswahili kina irabu tano, na kila moja hutamkwa vilevile popote ilipo. Mtoto wa Katuba, hapa Lubumbashi, akiunganisha silabi hukuta neno analolijua, akajua mwenyewe kwamba amepatia. Kiingereza kina herufi 26 kwa sauti zaidi ya 40. Anayeanzia hapo hukariri maumbo tu. Ndiyo maana nafurahi kwamba sheria ya elimu ya 2014 inatambua lugha za taifa, Kiswahili kikiwamo, kuwa lugha za kufundishia, hata kama baadhi ya wazazi bado huona ni kumrudisha mtoto nyuma.

Kifaransa nacho, ambacho watoto wetu hukikuta shuleni, tusikidharau. Maelfu ya maneno ya Kiingereza yalitoka Kifaransa, hasa baada ya Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, kuiteka Uingereza mwaka 1066, na mengi bado yanaandikwa karibu sawa. Kwa sikio huwezi kuyatambua, maana matamshi yamekwenda mbali. Kwa jicho unayaona mara moja. Basi faida hiyo, ambayo jirani zetu wa Zambia hawana, huipata yule tu anayejua kusoma.

Kwa watu wazima ni hivyo hivyo. Kiingereza cha mdomo kitakusaidia kupatana bei. Kwenye fomu ya forodha, penye uzito, thamani na aina ya mzigo, hakikufikishi popote, na utamlipa mtu akujazie usichoweza kukikagua.

Nyumbani hakuhitajiki maktaba. Mwachie mtoto akusomee ujumbe wa pesa kwenye simu, karatasi ya dawa, bili ya umeme. Akikwama, mngoje kidogo kabla ya kumsaidia.