Wembe wa kizamani hauokoi pesa kila mara

Ujumbe unaozungushwa kwenye magrupu unadai kwamba ukihamia kwenye kishikio cha chuma, wembe wa pande mbili, brashi na sabuni, gharama ya kunyoa ndevu inakwisha. Upo ukweli: wembe huo huuzwa bei ya chini mno kuliko vichwa vya kubadilisha vyenye makali matatu au matano. Watu huchanganyikiwa hapo, kwa sababu wanalinganisha makali peke yake na kusahau kishikio, sabuni na hamu ya kuongeza vifaa. (Brashi si lazima, povu hupatikana hata kwa vidole.) Aliyezoea nyembe za kutupa za dukani huenda asiokoe chochote. Jumlisha matumizi yako ya mwaka mzima, ugawe kwa mara ulizonyoa. Ujumbe wenyewe, tafadhali, usiusambaze.