Kichwa cha kozi kilikuwa plasta

"Wamisri wa kale walizikwa na mali ili wakaitumie ahera." Wiki hii nimeambiwa hivyo mara tatu, ya mwisho na jamaa aliyekuwa akinielekeza kazi yangu mwenyewe huku anatafuna. Haya, tukae kitako.

Mchukueni Senebtisi, bibi aliyezikwa Lisht, huko Misri. Kidani chake kipana kilikuwa na shanga za fayansi na feruzi, na kila ncha kichwa cha kozi, yule ndege mwindaji. Vile vichwa, pamoja na vijani vilivyoning'inia ukingoni, vilikuwa plasta iliyopakwa dhahabu. Plasta! Ukikivaa harusini, hadi wali uletwe kimeshamomonyoka. Na hakuwa fukara: kichwani alikuwa na ushada wa waya wa dhahabu. Kidani kile kilitengenezewa maiti, na maiti hachezi ngoma. Kilichotakiwa ni umbo, rangi na mahali pa kukaa.

Rangi mnazijua: dhahabu ni nyama ya miungu, kijani ni uhai unaochipua, nyekundu ni damu ya mungu wa kike Isis, ndiyo maana sura ya 156 ya Kitabu cha Wafu, yale maneno ya kumsaidia marehemu ahera, inataka hirizi ya fundo la Isis iwe ya yaspi nyekundu, shingoni. Vile vitu 143 vya farao Tutankhamun vilifichwa ndani ya sanda, tabaka juu ya tabaka. Angemringia nani?

Sasa yule dundu mviringisha kinyesi, ambaye siku hizi anauzwa kama hirizi ya bahati. Bahati gani? Mgeuzeni yule mkubwa wa jiwe la kijani anayewekwa kifuani, msome sura ya 30B ya kitabu hicho hicho, iliyochongwa tumboni mwake: "Ewe moyo wangu niliopewa na mama yangu, usisimame kunishuhudia, usinipinge barazani, usiielemeze mizani." Huyo ni mtu anambembeleza shahidi wake mwenyewe afunge mdomo! Ubongo walikuwa wanautoa, moyo wanauacha mwilini, kwa kuwa moyo ndio uliojua aliyoyatenda. Kwenye hukumu ya wafu moyo huo ulipimwa: ukilemea kuliko unyoya wa Maat, mungu wa kike wa haki na ukweli, basi Ammit, dude la kula mioyo, yuko pale pale chini ya mizani, mdomo wa mamba, anasubiri.

Vitabu vinasema dundu "hulinda moyo" na kufunga mjadala. Lakini katika sura ya 125 marehemu anakana dhambi 42, moja moja, na kifuani ana jiwe la kuunyamazisha moyo usije ukamuumbua. Je, si udanganyifu? Kwa miaka mingi nilifundisha kwamba ndiyo, tena kwa mbwembwe. Siku hizi nasitasita. Hata asiye na hatia akisimamishwa mbele ya hakimu hubabaika, akajiharibia kesi. Huenda walichoogopa ni huko kubabaika tu. Maneno yenyewe yanakubali tafsiri zote mbili, na mimi hubadilika kutegemea nimeamkaje.

Halafu kuna madundu ambayo pale panapotakiwa jina la marehemu pako wazi. Fundi alichonga sura nzima, akaacha nafasi ya mteja, na hakuna aliyekumbuka kuijaza. Sasa ulioambiwa unyamaze ni moyo wa nani?