Je wajua bonde refu la chini ya bahari liligunduliwa na mtu aliyekaa ofisini anachora tu?

Wengi tunachukulia ramani kama kazi ya mwisho, yaani mtu akishajua kila kitu ndo anakaa anachora. Marie Tharp, mwanajiolojia na mchora ramani wa Marekani, yeye alichora kwanza, kujua kukaja baadaye.

Mwaka 1952 huyu mama alikuwa kwenye maabara ya Lamont, ya Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Meli zilikuwa zinakatiza Atlantiki zikipima kina kwa mwangwi wa sauti, lakini enzi hizo mwanamke haruhusiwi kupanda, kwa hiyo mwenzake Bruce Heezen anaenda baharini na yeye anabaki na marundo ya namba. Na namba hivi hivi hazisemi kitu, mita elfu tatu, elfu nne, tena elfu tatu, utasinzia. Tharp akazichora kama mtu aliyekata bahari kwa kisu halafu anaitazama kwa ubavu, michoro sita toka upande wa Marekani mpaka wa pili, akaipanga mmoja chini ya mwingine. Katikati ya bahari, chini ya maji, ilitokea safu ya milima, nayo haikufanana sana toka mchoro hadi mchoro, ila pale kileleni kulikuwa na mpasuko kama herufi V, na huo ndo ulikuwa unajirudia, hasa kwenye michoro mitatu ya kaskazini.

Akasema hili ni bonde la ufa, yaani mahali ardhi inapopasuka na pande mbili zinaachana. Heezen akaona hizo ni porojo za wasichana, maana ukilikubali bonde umekubali mabara yanasogea, na kipindi hicho kwa wanasayansi wa Marekani hiyo ilikuwa karibu na uchawi.

Kilichomnyamazisha ni mchoro mwingine. Howard Foster, hapo hapo ofisini, alikuwa anaweka nukta za matetemeko ya ardhi kwa ajili ya kazi ya nyaya za simu za baharini, kwa skeli ile ile ya Tharp. Wakalaza karatasi moja juu ya nyingine kwenye meza yenye taa chini, aisee, nukta zimejipanga mule mule bondeni!

Sasa utamu uko hapa: kumbe hata pale meli haijapima, ukifuata nukta unajua bonde linapita wapi. Wakazifuata Atlantiki ya kusini, wakaingia Bahari ya Hindi, wakatokea Ghuba ya Aden, na hapo likaja kuungana na Bonde la Ufa letu la Afrika Mashariki, lile ambalo watu wanalima na kuchunga ndani yake kila siku.